Hadhira ya Uganda Imehamia Kwenye Simu, Mikataba Bado Iko Kwenye DVD

Wengi wanaozungumzia muunganiko wa vyombo vya habari huanza na Netflix, kana kwamba jambo lenyewe lilishuka Entebbe mwaka 2016. Uganda ilianza zamani zaidi, ndani ya vibanda vya video. Filamu ya Hong Kong au ya Marekani iliwekwa, na mtu mmoja akakaa na kipaza sauti akiitafsiri kwa Kiganda papo hapo, akiongeza utani, akieleza nani ni ndugu wa nani, akiingiza majina ya mitaa ya Kampala. Huyo ndiye VJ. Sinema, redio na masimulizi ya jadi vilishakuwa chombo kimoja kabla mtu yeyote hapa hajamiliki simu janja. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, lakini kwa maoni yangu hakuna nchi ambako kazi hii ilikita mizizi kama Uganda. VJ Jingo, VJ Junior na VJ Emmy wana mashabiki wanaouliza kwanza nani ametafsiri, mwigizaji baadaye.

Watazamaji hao wamehama kibanda wakaenda kwenye DVD, kutoka DVD wakaenda kwenye flashi na kadi ya memori, sasa wako kwenye simu. Kila walipohama, aliyetengeneza kazi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua ameuza nini. Hili ndilo linaloniuma. Vipaji vipo, na watazamaji hawajapungua. Kinachokosekana ni watayarishaji kuelewa kwamba filamu moja sasa ni bidhaa nne au tano, kila moja ina vipimo vyake vya kiufundi na haki zake, na kwamba kazi hiyo hufanywa kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.

Tuanze na mtazamaji. Kibanda hakijafa, mpira wa Uingereza unakishikilia, kwa sababu mechi ya moja kwa moja haina ladha kesho. Filamu na tamthilia ndizo zilizotoka humo. Ila usidhani mtu wa Katwe au Arua anazitazama kwa kutiririsha kwenye intaneti kama mtu wa London. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya ubora wa kawaida inaweza kufika gigabaiti 1, na ya HD gigabaiti 3. Juu ya hapo kuna kodi. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Tarehe 1 Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Mtu wa kipato kidogo hakuacha burudani kwa sababu hiyo. Filamu hupakuliwa mara moja, kisha inasambaa kwa Xender, programu ya kurushiana faili kati ya simu, kwa flashi, au kwa kijana wa dukani anayekujazia kadi ya memori. Watazamaji hao hawamo kwenye hesabu ya YouTube wala ya kituo chochote cha televisheni, na naamini ni wengi kuliko tunavyotaka kukubali.

Kwa hiyo nasema: mtayarishaji asiione njia ya flashi kuwa ni ya wezi peke yao. Aitengenezee faili lake. Faili la MP4, picha iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 yenye mistari 480 kwa kilobiti 800 kwa sekunde, sauti ya AAC kwa kilobiti 96, litabeba filamu ya dakika 90 kwa megabaiti 605 hivi. Kadi ya gigabaiti 32 itaingiza filamu kama 50 za namna hiyo.

Makosa hutokea mahali patatu. La kwanza ni kutumia H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana picha, ili kuokoa nafasi: runinga nyingi za zamani zenye tundu la USB haziisomi, mtu anasikia sauti huku kioo ni cheusi. La pili ni kuacha sauti katika mfumo wa AC3 au DTS, ambayo simu nyingi za bei ndogo haziwezi kuicheza, na mtazamaji anadhani filamu imeharibika. La tatu ni faili kubwa kupita gigabaiti 4, kwa sababu flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32, ambao haupokei faili moja lililozidi hapo. Nakala ya mtaani ikiwa nzuri kuliko ya mwenye mali, mwenye mali ameshindwa kwa mkono wake mwenyewe.

Nakala hizo zitalipa vipi, kama hakuna anayezihesabu? Kwa tangazo lililoshonwa ndani ya picha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi au kiwanda cha sabuni akilipia sekunde 20 katika dakika ya 15 na nyingine katika dakika ya 50, tangazo linasafiri na kila nakala mpaka Kasese na mpaka Busia. Usiliweke mwanzoni tu, kwani hapo ndipo watu hukata. Namba ya malipo ya MTN MoMo au Airtel Money nayo ionekane kwenye kioo, kwa jina la kampuni ya filamu.

Upande wa picha, kosa la kawaida ni kurekodi kwa ajili ya runinga kisha kukatakata vipande vya TikTok kwa pupa. Picha ya runinga ni 1920 kwa 1080. Ukikata humo kipande cha kusimama cha uwiano wa 9 kwa 16, unabaki na upana wa pikseli 607 tu, chini ya theluthi ya picha. Watu wawili waliokaa pembeni ya meza wakijibizana wanapotea wote wawili, inabaki meza. Aliyerekodi kwa 3840 kwa 2160 anapata kipande cha 1215 kwa 2160, kinachotosha kabisa kwa 1080 kwa 1920 ambayo simu inataka. Kama kamera yenu haifiki huko, mpiga picha na aweke alama mbili za utepe kwenye kioo cha kamera, na mwongozaji ahakikishe walau tukio moja katika kila sehemu ya tamthilia limechezwa kati ya alama hizo. Kazi hiyo haina gharama. Kurudia kurekodi ndiko kunakogharimu.

Sauti ndiyo inayoharibika zaidi, na ndiyo isiyosemwa. Kipimo cha ukubwa wa sauti kinachotumiwa na watangazaji wengi wa televisheni wanaofuata kanuni za Ulaya ni LUFS 23 chini ya sifuri. YouTube na Spotify huchezea karibu na 14 chini ya sifuri. YouTube hupunguza kazi iliyozidi, lakini haipandishi iliyo dhaifu. Mkipandisha nakala ya runinga kama ilivyo, inakuwa nyonge kwa desibeli 9 kuliko video iliyotangulia, na mtazamaji aliyeko kwenye taksi haendelei kusubiri. Tatizo la pili ni spika moja ya simu. Ikiwa njia ya kushoto na ya kulia zimerekodiwa kinyume, wimbi la moja likipanda huku la nyingine likishuka, labda kwa waya uliounganishwa vibaya, simu ikizichanganya zinafutana, na mazungumzo yanatoweka huku muziki ukibaki. Sikilizeni kazi yote mara moja kwa spika moja kabla ya kuitoa.

Kisha kuna suala la kuhifadhi. Nabwana I.G.G., mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu ya mapigano mwaka 2010, na kionjo chake kwenye YouTube kikaifanya ijulikane dunia nzima. Mwaka 2015 aliomba mashabiki wa mtandaoni dola 160 za kutengenezea filamu nyingine, wakamchangia zaidi ya dola 13,000. Lakini kilichobaki cha filamu ile ya 2010 ni nakala ya DVD yenye ubora mdogo, ikiwa na sauti ya VJ juu yake. Nakala mama ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata, kwa sababu hakuna aliyefikiri watu wa nje ya mtaa wangeitaka. Simlaumu hata kidogo; diski zilikuwa ghali na umeme unajulikana. Leo, hata hivyo, diski ya terabaiti 1 inaingia kwenye bajeti ya filamu ndogo. Tunzeni nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti na moja kwenye nyumba nyingine, na msihesabu YouTube kuwa ghala, kwani kile unachopakua kutoka huko ni kilichobanwa.

Sasa pesa. YouTube inampa mwenye chaneli asilimia 55 ya tangazo la video ndefu na asilimia 45 ya fungu la video fupi. Kuingia kwenye mpango wa matangazo kunahitaji wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hayo yanajulikana. Yasiyojulikana vizuri ni vikwazo vya karatasi. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri ya kuthibitisha anwani kwa barua ya posta, na isipoingizwa ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Waganda wengi hawana sanduku la posta, wanaandika jina la mtaa, barua inapotea. Tumieni sanduku la posta la ofisi au la ndugu, na jina lililo kwenye akaunti lilingane na la benki. Kumbukeni pia kwamba malipo hayatoki kabla ya dola 100.

Ipo pia fomu ya kodi ya Marekani. Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 hukatwa, lakini ni kwenye mapato ya watazamaji walioko Marekani peke yao. Asiyejaza fomu hiyo anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote ya dunia nzima. Kwa msanii mwenye mashabiki Kampala, Juba na Nairobi, kutojaza fomu ni kujichoma mwenyewe.

Linaloumiza zaidi ni umiliki wa akaunti. Msanii anarekodi wimbo, video inawekwa kwenye chaneli iliyofunguliwa kwa barua pepe ya meneja au promota, miaka miwili baadaye wanagombana, na nyimbo zote, wafuatiliaji wote na mapato yote yanabaki kwa yule mwenye neno la siri. Dawa yake ni ndogo: chaneli ifunguliwe na msanii akiwa mmiliki, na meneja apewe nafasi ya msimamizi, ambayo inaweza kuondolewa. Vivyo hivyo kwa namba ya ISRC, ile yenye tarakimu na herufi 12 inayotambulisha rekodi. Rekodi moja, namba moja, siku zote. Msambazaji mpya akiipa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kugawanyika. Spotify, iliyoingia Uganda mwaka 2021, tangu 2024 hailipi rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 katika miezi 12. Wimbo uliosikilizwa mara 1,400, hesabu ikagawanyika katikati, unaweza kulipwa sifuri.

Serikali, kwa upande wake, iliunganisha usimamizi wa mawasiliano na utangazaji chini ya UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa sheria ya mwaka 2013, na hilo lilikuwa sahihi. Ila pale Facebook ilipofungwa Januari 2021, waliokuwa wamewekeza kila kitu kwenye ukurasa mmoja walipoteza hadhira ya miaka kwa siku moja. Mwenye busara hukusanya namba za WhatsApp za mashabiki wake mapema.

Kwetu tunaotumia Kiswahili, kutoka Bombo na Kisenyi mpaka Malaba na Mutukula, mlango mkubwa uko kwenye lugha. Tamthilia ya Kiganda inaishia karibu. Ikiwa na Kiswahili inafika Dar es Salaam, Mombasa na Goma. YouTube sasa inaruhusu video moja ibebe sauti za lugha kadhaa, mtazamaji akachagua. Lakini huwezi kuingiza Kiswahili ikiwa mhariri amekupa faili moja lililochanganywa. Dai mafaili matatu ya sauti: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, milio na mazingira peke yake, yote yakiwa na urefu uleule hadi fremu ya mwisho. Mhariri ayatoe siku anayomaliza kazi, kwa sababu baada ya mwezi mradi umeshafutwa. Muziki nao uwe na kibali cha maandishi cha nchi zote, la sivyo mfumo wa utambuzi wa YouTube utampa mwenye wimbo mapato yenu.

Na hapo turudi kwenye mikataba. Vituo vya televisheni vimezoea kuandika "haki zote, nchi zote, milele", na mtayarishaji mwenye deni la jenereta anatia sahihi. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inailinda filamu kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma. Kuitoa yote kwa malipo ya msimu mmoja ni hasara ambayo watoto wake wataihesabu. Omba sentensi tano tu: utangazaji wa hewani na kwenye king'amuzi, ndani ya Uganda, kwa lugha iliyorekodiwa, kwa miaka miwili, na idadi ya marudio iliyotajwa. Haki za intaneti ziuzwe kwa mkataba mwingine wenye bei yake. Kituo kikitaka vipande vya TikTok kwa matangazo, kipewe visivyozidi sekunde 60, vikiwa na jina la chaneli ya mtayarishaji kwenye kioo. Kikikataa yote hayo, bado uliza bei ya miaka miwili na bei ya milele kando kwa kando, na uione tofauti kabla ya kushika kalamu.