Mashine Iliyonipa Pole

Juzi nilikuwa nagombana na huduma kwa wateja (yaani na mashine, maana siku hizi binadamu hapokei) juu ya malipo yaliyokatwa mara mbili. Nikaandika kwa ukali. Jibu: "Pole, tunaelewa una wasiwasi." Wasiwasi? Nilikuwa nimefura!

Nikakumbuka mchoro wa hisia wa mwanasaikolojia James Russell wa mwaka 1980, ambao watu wa kompyuta wanaupenda mno. Mstari wa kulala: kushoto hisia mbaya, kulia nzuri. Wa kusimama: chini utulivu, juu msisimko. Kila hisia inapata nukta yake. Sasa tazama pembe ya juu kushoto: hasira na hofu zimekaa bega kwa bega. Zote zinaumiza, zote moyo unadunda. Kihesabu, ukikosea moja ukasema nyingine umekosea kidogo tu. Lakini mwenye hofu anataka umsogelee, umshike mkono. Mwenye hasira msogelee uone! Huyo anadai haki yake, pole zako kaa nazo. Tena nukta haisemi hisia inahusu nini. Hasira yangu ilikuwa juu ya pesa; ondoa pesa kwenye hesabu, yanabaki mapigo ya moyo, na hayo hata kupanda ngazi kunayaleta.

Madodoso ya kupima huruma ndiyo usiseme. La mwanasaikolojia Mark Davis lina kauli 28, na anayejaza ni wewe mwenyewe. Nani atajinyima alama za huruma?

Haya, kwa shingo upande: kuna hesabu niliyoipenda. Mwaka 1988 mwanahisabati Steven Strogatz aliandika milinganyo ya Romeo na Juliet, ambamo penzi la mmoja hupanda au kushuka kufuatana na la mwenzake. Juliet akimpenda, Romeo anapoa, akimkwepa, anawaka. Wanazungushana hivyo bila kikomo, na robo tu ya muda ndiyo wanapendana kwa pamoja. Ni mchezo wa darasani, sawa, ila una watu wawili, na kila mmoja anamsogeza mwenzake. Mashine yangu ilinisoma mimi. Upande wake hakuna kilichosogea. Huruma gani hiyo isiyomgharimu anayeitoa?

Umoja wa Ulaya umepiga marufuku, tangu Februari 2025, mifumo ya kusoma hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Wateja hatumo.