Huku sheria imefunga kazi kisiwani, kwetu imemfunga mkulima

Assalaam alaykum ndugu zangu, hasa Wapemba mlioko Pemba, na nyie mlioko Unguja, Mombasa, Muscat na kwengineko.

Mie kwetu Kangagani, wilaya ya Wete, na huu mwaka wa tano nafanya kazi ya kutunza wazee Stornoway, kisiwa cha Lewis, kaskazini magharibi ya Scotland. Watu wakisikia niko Uingereza wanafkiri London, taa na treni za chini ya ardhi. Hapana jamani, niko kisiwani hasa, meli kutoka bara masaa mawili na nusu na zaidi, upepo unavuma mpaka ukifungua mlango wa gari ushike kwa mikono miwili, miti ya kuhesabu, na Jumapili mji wote kimya watu wako kanisani. Mskiti upo mmoja, umefunguliwa 2018, kabla ya hapo visiwa vyote hivi havikua na mskiti hata mmoja, Ramadhani yangu ya mwanzo nilifturu pale na watu wenye asili ya Pakistan ambao wazee wao walikuja huku zamani kuuza nguo mlango kwa mlango, nikalia.

Sasa kwa nini naandika. Kwa sababu toka nimefika hapa kila siku naifkiria Pemba, na kila nikiifkiria napata hasira na kisha huruma. Sie tumezoea kuambiwa Pemba iko nyuma kwa sababu iko mbali, kwa sababu ni kisiwa, kwa sababu Wapemba wenyewe ndo walivyo, wanapenda kuhama. Mie nshaishi kwenye kisiwa kilicho mbali zaidi na baridi zaidi na chenye watu wachache zaidi ya Wete, na sikubali tena hayo maneno.

Tazameni sensa tu. 2002 Pemba tulikua karibu asilimia 37 ya Wazanzibari wote. 2012 tukawa 31. 2022 tumehesabiwa laki 5 na 43 elfu na kitu katika milioni 1 na laki 8 na 89 elfu, hata asilimia 29 haifiki. Na uzazi wetu mnaujua, Pemba hatukosi watoto! Wamekwenda wapi? Wamevuka. Wako Unguja wanajenga mahoteli ya Nungwi na Paje, wako Dar wana maduka, na mie niko huku nawalisha uji wazee wa watu wakati mamaangu yuko peke yake.

Huku nako watu walikua wanakimbia, tena kwa miaka mingi sana. Mwaka 1965 serikali yao ikaunda bodi maalum ya maendeleo ya nyanda za juu na visiwa, makao yake makuu Inverness, yaani huku huku kaskazini, si Edinburgh wala London. Bodi ile imebadilishwa jina na muundo lakini kazi yake inaendelea mpaka leo. Nauli ya meli toka 2008 inapangwa kwa kupiga hesabu ile safari ingekua ni barabara ingegharimu kiasi gani, na pale pengo lilipo serikali inatia pesa. Ndege, mkaazi wa kisiwa analipiwa karibu nusu ya nauli toka 2006. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Inverness au Glasgow anarudishiwa pesa ya safari. Na 2018 wakapitisha sheria ya visiwa, kwamba chombo cha serikali kikitaka kuleta sera au huduma mpya inayoweza kuvigusa visiwa tofauti na kwengine, lazima kwanza kitazame itawaumiza vipi watu wa visiwani.

Niliposikia hilo la mgonjwa nilikaa kimya kazini siku nzima. Ami yangu alipopewa rufaa aende Unguja tulichangishana familia nzima, tiketi yake, tiketi ya mtu wa kumuuguza, pesa ya kula, na kwa jamaa wa Unguja tukaomba pa kulala, siku tatu zikapita ndo akapanda boti. Na safari ya Unguja na Pemba sio kitu chepesi kwetu, kila mtu wa umri wangu anakumbuka Septemba 2011 alikua wapi ilipozama meli ya Spice Islander, hakuna kijiji ambacho hakikutandika jamvi la msiba.

Lakini jambo lililonifanya nishike simu niandike ni kitambaa.

Hapa nyuma ya nyumba ninayokaa kuna bibi mmoja ana kibanda na mtambo wa kufuma wa kupiga pedeli kwa miguu. Anafuma Harris Tweed, hichi kitambaa cha sufu wanachoshona makoti ya bei. Kuna sheria ya Bunge ya 1993 inasema kitambaa hakiitwi jina hilo mpaka kiwe kimefumwa kwa mkono, nyumbani kwa mtu wa visiwa hivi, na sufu yake itiwe rangi na isokotwe visiwani humu humu, na kumaliziwa humu humu. Kisha kuna chombo kiko hapa Stornoway kinakagua na kupiga muhuri. Tajiri yeyote wa dunia akitaka kuuza Harris Tweed lazima amlipe bibi yule au mwenzake. Hawezi kuchukua sufu akaenda kufuma China. Kazi imefungwa kisiwani kwa sheria.

Sasa karafuu yetu. Karafuu imekua ni Pemba zaidi toka kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, sie Mungu akatunusuru. Pesa zake ndo zilizoendesha Zanzibar yote miaka na miaka, wazee wetu wanakwambia mpaka majumba ya Michenzani, mjini Unguja, ni karafuu ile, na Pemba ikabaki na nini? Barabara mbovu na jenereta. Sheria ya karafuu na sie tunayo, ya 2014, lakini itazameni inamfunga nani. Inamfunga mkulima. Auze kwa shirika la serikali tu, akikutwa na magunia usiku kwenye mashua anaelekea Shimoni, Kenya, ni mhalifu. Haijasema popote kwamba karafuu ya Pemba isafishwe, ipangwe, itiwe kwenye vichupa na kupigwa chapa Pemba na watu wa Pemba ndo isafirishwe. Kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, Wawi tunacho, namshukuru Mungu kipo, lakini ni kimoja na ni cha zamani.

Sisemi bei haikupanda, ilipanda, baada ya 2011 ikafika shilingi 14,000 kwa kilo na watu walijenga nyumba za matofali na kwenda Hija, lile lilikua jambo jema na linaonesha serikali ikiamua mkulima anaona siku hiyo hiyo. Lakini dukani hapa nimenunua kichupa cha karafuu gramu 30 kwa pauni mbili, ukipiga hesabu ya kilo inapita laki mbili za kwetu. Najua kuna chupa, usafiri, kodi, duka. Lakini kimeandikwa kampuni ya Uingereza, karafuu imetoka wapi hata hakikusema. Tofauti ile ndo mshahara wa watoto wetu waliovuka.

Na mwani ni hayo hayo, mama zetu kiuno kwenye maji toka mwisho wa miaka ya 80, unakauka unatiwa gunia unakwenda zake. Nasikia habari za kiwanda cha mwani Chamanangwe, huko huko Pemba, inshaallah, nakiombea kwa moyo wangu wote.

Tatizo jengine ni nani anaamua. Pemba kila wizara ina Afisa Mdhamini, ndo mwakilishi wake huko, watu wazuri, wengine nimesoma nao skuli, lakini ukenda na jambo lako jawabu ni hilo hilo, ntalipeleka Unguja. Eneo huru la uchumi Micheweni tunalisikia toka miaka ya 90, pamoja na Fumba ya Unguja. Fumba leo ni mji mpya, Micheweni nenda ukatazame. Sheria moja, ila Fumba iko nusu saa na uwanja wa ndege na bandari, na Micheweni mwekezaji anaambiwa fursa zipo. Fursa bila meli ya uhakika ya mizigo ni fursa gani?

Nisiwapambe sana watu wa huku. Watu wa visiwa hivi vyote bado wanapungua, walikua elfu 27 na kitu 2011 sasa elfu 26, vijana wanakwenda Glasgow kusoma hawarudi, na meli zinaharibika, kuna mbili walizoagiza 2015 zikacheleweshwa mpaka moja imeanza kazi Januari 2025, watu hapa wanaitukana serikali yao mchana kweupe. Lakini hata matusi yale yanatoka kwenye fikra kwamba meli ni haki yao, kama barabara.

Na kwetu tumeona inawezekana. Umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010, kwa msaada wa Norway, mie nilikua Wete, ndani ya miezi watu wa barafu, wa kuchomelea, wa mashine za kusaga wakaibuka kila pahali. Wapemba walikua ni wale wale. Kilichobadilika ni waya.

Kwa hiyo nyie mnaogombea na mnaochaguliwa, mkija Konde na Mkoani na kanga na kofia, tuambieni nauli ya mgonjwa italipwa na nani, na karafuu itapakiwa wapi.

Jana nimeongea na mama. Anasema mikarafuu mwaka huu imebeba haijapata kutokea, matawi yameinama, lakini wachumaji hawapatikani, hata ukiongeza bei ya pishi, vijana wa mtaani wote wako Unguja kwenye saiti. Nikamuuliza vipi Saidi mdogo wangu, si atapanda yeye. Kanambia Saidi kashakata tiketi, anavuka Jumatano.