Roboti ya mwaloni: gia mbili au moja?

Vijana wawili wanaounda roboti ya kubebea magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, wameniletea ubishi wao. Mmoja anataka gia mbili: ya kwanza ya kupanda kutoka majini, ya pili ya kukimbilia kwenye sakafu. Mwenzake anasema moja inatosha.

Wa gia mbili ana hoja nzito. Mota ya umeme ikilemewa hadi karibu kusimama huvuta umeme mwingi mno. Nyaya zake zinachemka, betri inazimia. Gia ya kwanza inaiokoa hapo.

Kazi iko kwenye kubadili. Tuseme tairi linazunguka mara 300 kwa dakika. Gia ya kwanza ikiwa 15 kwa 1, yaani mota inazunguka mara 15 tairi likizunguka mara moja, mota iko kwenye 4,500. Ya pili ikiwa 6 kwa 1, inatakiwa iwe 1,800. Ingiza ya pili bila kuituliza mota uone: krrr! Meno yanakwaruzana, roboti inaruka, gunia chini. Bodaboda wanaopanda kilima cha Bugando wanaijua dawa: ukipandisha gia unaachia mafuta, ukishusha unagusa kidogo. Programu nayo ifuate hivyo: ikate umeme, sensa isome mwendo wa tairi, mota iletwe kwenye mwendo wake mpya, ndipo gia iingizwe.

Lakini muda wote huo roboti iko nyutro. Mlimani, na gunia mgongoni, nusu sekunde inatosha kuirudisha nyuma. Na ukibadili imesimama, jino linaweza kukutana na jino uso kwa uso. Haliingii mpaka mota ichezeshwe kidogo.

Wa gia moja anataja magari ya umeme. Tesla Roadster ya kwanza ilipangiwa gia mbili, giaboksi zikasumbua, ikabaki na moja. Formula E, mashindano ya magari ya umeme, ilianza 2014 kwa gia tano. Leo ni moja. Porsche Taycan ina mbili kwenye ekseli ya nyuma, sawa, ila ile inapita kilomita 200 kwa saa. Hii yetu ikimkimbilia mchuuzi wa dagaa atatutukana.

Mimi naenda na gia moja, nzito, ya mwendo wa mpagazi. Hela ya gia ya pili wanunulie sili nzuri za kuziba giaboksi, maana mchanga wa mwaloni unaingia kila mahali.