Tochi Imechoka, Tufungiwe Kamera

Dereva wa Noah ya Arusha–Moshi hasubiri kibao cha 50 ili apunguze mwendo. Anasubiri taa. Lori linalotoka Moshi likimpiga full mbili, kashajua mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Mguu unatoka kwenye mafuta, abiria wa mbele anavuta mkanda, tunampita afande kwa adabu zote. Kona ikishatuficha tu, gari linachanganya tena, na hapo bado tuko Maji ya Chai katikati ya nyumba, watoto wa shule wamejipanga pembeni wakitafuta upenyo wa kuvuka.

Tochi, basi, imetufundisha kumwogopa trafiki. Mwendo ni habari nyingine. Na trafiki ni binadamu: jua likizama anaondoka, mvua ikinyesha anajikinga, na mengine yanayomalizwa dirishani kila abiria ameyaona.

Ndiyo maana naunga mkono kamera za kudumu, hasa zile zinazofungwa mbili mbili. Ya kwanza inasoma namba ya gari ukiingia, ya pili inaisoma ukitoka, kisha mashine inapiga hesabu ya muda. Kilomita 5 kwa mwendo wa 50 ni dakika 6. Ukizimaliza kwa dakika 4, wastani wako ulikuwa 75, hata kama mbele ya kamera ulitambaa. Hapo full za lori hazikusaidii kitu. Wala kamera zisifichwe vichakani. Viwekwe vibao vikubwa kabisa, maana shida yetu ni gari lipunguze, si dereva anaswe. (Kwa taarifa yako, Mholanzi Maurits Gatsonides, ambaye jina lake limebaki kwenye kamera za mwendo za Gatso, alikuwa dereva wa mbio za magari. Alitaka kujipima ili akimbie zaidi!)

Ningeanzia pale barabara ya njia nne inapoishia, Tengeru, hadi Usa River. Siku ya soko pale Tengeru, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani hawezi kugeuza shingo kutazama kulia na kushoto. Gari la 80 linakula mita 22 kwa sekunde moja, kabla mguu haujagusa breki. La 50 linakula 14.

Kamera haitibu kila kitu. Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, watu 25 walikufa katika ajali ya lori lililoelezwa kufeli breki. Hiyo ni kazi ya ukaguzi.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: faini itamfuata mwenye gari, na aliyekanyaga mafuta ni dereva. Mimi naona hapo ndipo penyewe. Dereva anakimbizana na hesabu ya kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, na hesabu hiyo kaipanga tajiri akiwa nyumbani. Madeni yakianza kumwingilia yeye kwenye simu, watakaa chini waipange upya. Ila kadi za magari zibadilishwe majina kwanza. Mtaani kwetu gari linauzwa mara tatu na kadi bado inasoma jina la mwenye wa kwanza, mzee wa watu ambaye siku hizi hana hata baiskeli.