Pima faili kabla hujaihukumu diski

Jumamosi mpwa wangu alishuka basi la Tandahimba akiwa na kompyuta yake kwenye begi la shule. Hata maji hajanywa: "Shikamoo mjomba. Fundi kasema diski imekufa. Anataka laki na ishirini aweke nyingine."

Hasira iliyonipanda siku ile bado ninayo.

Mashine yenyewe ilinunuliwa kwa pesa ya korosho ya mama yake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, Windows 11 haiikubali, kijana akaamua kupiga Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Uamuzi mzuri kabisa. Ikagoma mara tatu. Nikamwuliza swali ambalo fundi hakumwuliza: inagomea wapi?

"Palepale, mjomba. Ikifika katikati ya kunakili, inaleta kosa la kusoma."

Ikigomea palepale kila mara, shuku kwanza faili ulilopakua na flashi uliyoliandikia. Leo hapa, kesho pale, shuku ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au joto. Fundi wa kompyuta asiyeuliza hilo anabahatisha kwa pesa za watu.

Faili la ISO, lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha, lilikuwa karibu GB 3, kalipakua usiku kwa bando huku mtandao ukikatika na kurudi. Nikaandika sha256sum, amri inayolipima faili na kutoa alama yake, kisha jina la faili. Zikatoka herufi na tarakimu 64, tukazilinganisha na zilizowekwa na Mint wenyewe. Hazikufanana hata mwanzo. Faili lilikuwa bovu tangu usiku ule, diski inasingiziwa.

Sisi watu wa Mtwara tunaujua mzani. Gunia la korosho halipokelewi ghalani bila kupimwa, na mkulima husimama pale juani akiukodolea macho, maana kilo ikipotea ni jasho lake. Dada yangu amesimama kwenye mzani huo miaka yote. Halafu laki na ishirini zimtoke kwa kauli ya mtu ambaye hakupima kitu! Na kipimo chenyewe ni dakika moja tu. Hata kwenye Windows kipo: certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Hakina gharama, hakihitaji hata intaneti ukishakuwa na zile tarakimu za kulinganisha.

Kinachoniuma zaidi ni bando. Mtu akiambiwa faili ni bovu, analifuta na kupakua GB 3 zote upya, kwa mtandao uleule. Usilifute. Chukua toreneti ya toleo lilelile, yaani faili dogo linaloongoza upakuaji, ifungue kwa programu ya Transmission, ielekeze kwenye folda lenye faili bovu, jina lisibadilishwe, kisha iache ihakiki. Toreneti huligawa faili vipande na kila kipande kina kipimo chake, kwa hiyo vinapakuliwa vilivyoharibika tu. Sisi tulipakua MB 46. Nilimwona kijana akikitazama kile kiasi kana kwamba nimemrudishia fedha mkononi, na kweli nilikuwa nimemrudishia.

Haya, nakubali, diski hufa. Kwenye mashine kuukuu hufa sana, na programu ya smartctl itakuonyesha. Kuna flashi feki zilizoandikwa GB 64 na ndani hazifiki hata nusu, programu ya F3 inazifichua. Betri ikichoka, usianze kazi hii siku ambayo umeme unachezacheza. Ukishuku ramu, acha kipimo chake, memtest86+, kizunguke usiku kucha. Lakini hayo yote ni kupima. Ndugu zangu mafundi, pimeni kwanza, bei mtaje baadaye. Huyo anayelipa ameuza korosho.

Tukaiandika flashi upya na kuanza. Ilipopita pale ilipokuwa ikigomea, kijana alisimama. Haikufika nusu saa, Mint ikawaka. Akatoka uani kumpigia mama yake, amwambie ile pesa asiitume tena.