Nani alitoa fedha hii? Majina ya fedha za Kireno na ugumu wa kuziorodhesha

Noti ya eskudo 100 ya Msumbiji ya mwaka 1961 ina picha ya Aires de Ornelas, afisa wa jeshi la Ureno aliyeshiriki vita vya kuliangusha dola la Gaza la kusini mwa Msumbiji, pamoja na jina la Banco Nacional Ultramarino, benki iliyoanzishwa Lisbon mwaka 1864. Mwaka 1976, baada ya uhuru, noti za aina hiyohiyo ziliendelea kutumika zikiwa zimegongwa juu yake maandishi mapya: Banco de Moçambique. Karatasi ni ileile na picha ni ileile, lakini anayeidhamini ni mwingine. Mtu anayeandaa orodha ya fedha za kale, akifika kwenye safu ya mtoaji, aandike jina la nani?

Wako wanaoshikilia kwamba fedha iorodheshwe kwa nchi ilikotumika, na hoja yao ina uzito. Mwanafunzi wa Maputo anayetaka kujua historia ya fedha za kwao anastahili kuikuta mahali pamoja, kuanzia vipande vya dhahabu vilivyopigwa mhuri miaka ya 1830 hadi metikali, fedha ya Msumbiji huru, iliyoanza kutumika tarehe 16 Juni 1980, badala ya kuitafuta vipandevipande chini ya majina ya wafalme, makampuni na mabenki. Tena fedha hizo zilikuwa na mipaka yake. Eskudo ya Msumbiji na ya Ureno zilikuwa na jina moja, lakini zilikuwa fedha mbili tofauti, na kuzichanganya kwa sababu tu bendera ilikuwa moja ni kupotosha.

Upande wa pili unasema kwamba mtoaji ni yule aliyebeba dhamana, yaani aliyeahidi kwamba fedha hiyo ina thamani. Binafsi naegemea upande huu, kwanza kwa sababu ya ukweli wa kihistoria. Banco Nacional Ultramarino ilitoa noti Msumbiji, Cabo Verde, Guinea ya Kireno (Guinea-Bissau ya leo), São Tomé, Goa, Macau na Timor, na Angola pia hadi Banco de Angola ilipoanzishwa mwaka 1926. Maamuzi makubwa yalifanywa Lisbon. Orodha inayoandika kwamba mtoaji wa noti ya 1961 ni Msumbiji inaipa nchi hiyo mamlaka ambayo wakati huo ilikuwa imenyang'anywa, na msomaji asiyejua historia ataondoka akiamini kwamba koloni lilikuwa na sauti juu ya fedha yake.

Sababu nyingine ni tarehe. Anayefuata bendera atagawa orodha yake tarehe 25 Juni 1975, siku ya uhuru. Lakini Banco de Moçambique iliundwa tarehe 17 Mei 1975, chini ya serikali ya mpito, bendera ya Ureno ikiwa bado inapepea. Wiki tano hizo zinatosha kuonyesha kwamba utawala wa nchi na utoaji wa fedha ni mambo mawili yanayoweza kubadilika kwa nyakati tofauti, na orodha yenye safu moja tu kwa yote mawili lazima ikosee mahali fulani.

Majina ya fedha yenyewe nayo hayatoi msaada mkubwa. Ni kweli kwamba jamhuri iliyozaliwa kwa mapinduzi ya Oktoba 1910 iliondoa real (kwa wingi réis), fedha ya zamani ya Ureno, mwaka 1911 na kuweka eskudo moja mahali pa réis 1,000, na mabadiliko hayo yakafuatwa baadaye katika makoloni. Hata hivyo, Angola ilitumia angolari kwa takriban miaka thelathini hadi 1958, Goa ilikuwa na rupia, na Macau ilikuwa na pataka. Visiwa vya Açores, ambavyo ni sehemu ya Ureno yenyewe, vilikuwa na real dhaifu, kiasi kwamba réis 1,000 za bara zilihesabiwa kuwa 1,250 za visiwani. Banco de Portugal ikatoa noti maalumu kwa ajili ya visiwa hivyo. Hapo mtoaji ni mmoja na jina la fedha ni moja, ila thamani ni mbili.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu zaidi. Kodi ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa mwaka 1502 imeandikwa katika kumbukumbu za Kireno kwa metikali za dhahabu, lakini metikali hiyo ilikuwa kipimo cha uzito kilichozoeleka kwa wafanyabiashara Waislamu tangu kale, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani wake. Kuiorodhesha metikali ya 1502 kama fedha ya Ureno, kwa kuwa tu karani Mreno ndiye aliyeiandika, ni kosa linaloifuta Kilwa.

Nakiri kwamba kigezo cha dhamana kinalegea tunapofika kwenye sarafu za madini, kwa sababu sarafu ya madini ya fedha ilibeba thamani yake yenyewe bila kuhitaji ahadi ya mtu. Rupia za Goa za 1881 zina sura ya Mfalme Luís I, ingawa zilifuliwa Calcutta na Waingereza. Hapa kiwanda hakiwezi kuitwa mtoaji. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Msumbiji, riale za Maria Theresa, sarafu za madini ya fedha za Austria zenye mwaka 1780 uleule kila zilipofuliwa, ziligongwa herufi PM chini ya taji ili zikubalike kama fedha halali. Kwangu mimi mtoaji wa riale hiyo ni serikali ya koloni iliyogonga mhuri, na asili yake ya Austria itajwe katika maelezo.

Kwa hiyo mtoaji, eneo na dola lililotawala viwe na safu tatu, na noti iliyogongwa maandishi mapya ipewe namba yake, ikiunganishwa na ile ya awali. Wapo watakaosema huo ni mzigo kwa mkusanyaji wa kawaida. Lakini noti za Banco da Beira za mwaka 1919 zinaonyesha faida yake: mtoaji ni Banco da Beira, eneo ni lile lililokuwa chini ya Companhia de Moçambique, kampuni iliyotawala sehemu ya koloni hilo kwa idhini ya Ureno, fedha ni libra kwa mfano wa pauni ya Waingereza, na Ureno inaingia katika safu ya dola lililotawala.