Msiba Una Arobaini, Moto Je?

Mwezi Septemba nyumba ya jirani yetu iliungua, huku mlimani upande wa Mabatini, majira ya saa mbili usiku, wakati familia nyingi zilikuwa bado zimekaa nje zikisubiri ugali uive. Anayeifahamu milima ya Mwanza anajua maana ya moto mahali kama pale. Nyumba zimebanana katikati ya majabali, njia ni ngazi za mawe zinazopitika kwa miguu tu, na gari la zimamoto, hata likiitwa mapema kwa namba 114, linaishia barabarani chini. Mama mmoja alipiga mwano, ule ukelele ambao kwa Wasukuma hakuna anayeusikia akabaki amekaa, na muda si mrefu watu walikuwa wamejipanga kuanzia bombani hadi juu wakipokezana ndoo, huku vijana wengine wakimwaga mchanga kwenye kuta za nyumba ya pili ili moto usivuke. Watoto wote wanne walitolewa salama. Vyumba viwili, paa, na kila kilichokuwamo viliteketea.

Siku tatu zilizofuata zilinifanya nijivunie kuishi mtaa ule. Lilifungwa turubai, vikaletwa viti, akinamama wakapika kwa zamu, na michango ilitangazwa kanisani na msikitini bila mtu kuuliza familia ile inasali wapi. Mwaloni Kirumba wauza dagaa walijaza ndoo mbili wakazituma. Siku ya nne turubai likakunjwa, viti vikarudishwa kwa mwenyewe, na kila mtu akarejea kwenye shughuli zake. Mama wa nyumba ile, ambaye ni fundi cherehani na mtaa mzima humwita Fundi, alibaki katika chumba kimoja alichoazimwa na jirani, pamoja na mume wake, watoto wanne, na mifuko saba ya nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine kabla yao.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza jambo moja. Kwenye msiba wa kifo tuna kalenda. Tunajua nani alale kwenye matanga, nani akae na mfiwa, lini tanga linaanuliwa, na lini tunakutana tena kwa arobaini. Vikundi vya kufa na kuzikana vina katiba, vina viwango vya mchango, vina adhabu kwa asiyefika. Nyumba inapoungua tunaazima kutoka kwenye msiba sehemu ya mwanzo tu, yaani turubai, sufuria kubwa na rambirambi, kisha tunaondoka kana kwamba tumeshazika. Lakini aliyeunguliwa hajazika kitu. Ndiyo kwanza anaanza kuhesabu alichopoteza, na hesabu yenyewe humjia kidogo kidogo, siku anapotafuta kadi ya kliniki ya mtoto, siku anapotaka kisu cha kukatia nyanya na kukumbuka kwamba hana kisu. Maoni yangu ni kwamba msaada wetu unakwisha pale ambapo haja yenyewe inaanza, na kwamba mtaa unaoweza kumsindikiza mfiwa kwa siku 40 unaweza kumsindikiza aliyeunguliwa kwa miezi mitatu.

Nizungumzie nguo kwanza, kwa sababu ndizo tunazozikimbilia. Sisemi zisitolewe. Usiku ule ule watoto walihitaji kitu cha kujifunika, na kitenge kilichovuliwa begani kwa jirani kilikuwa na thamani kuliko fedha. Ila mifuko saba ndani ya chumba kimoja ni mzigo. Nilimkuta Fundi akiichambua kwa siku nzima, akitenga blauzi zilizopasuka kwapani na suruali za wanaume warefu kuliko mumewe, na hakuweza kuzitupa kwa kuogopa kuonekana hana shukrani. Mtoto wake wa darasa la tano alipewa sweta nzuri ya shule, ya rangi karibu sawa na ya shule yake, lakini yenye nembo ya shule nyingine. Aliivaa siku moja. Siku ya pili alikaa nyumbani akisema tumbo linamuuma, na ilichukua wiki kabla mama yake hajatambua kwamba tumbo halikuwa na tatizo lolote. Elfu chache za kununua sweta sahihi zingetosha, kama kuna mtu angemuuliza mtoto yule anahitaji nini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndiyo maana naamini kwamba baada ya usiku wa kwanza, msaada ulio bora ni fedha, au kitu ambacho wenyewe wamekitaja kwa midomo yao.

Kilichomuumiza Fundi kuliko nyumba, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa cherehani. Kichwa cha cherehani hicho kilibaki katikati ya majivu, cheusi, gurudumu limeganda, na meza ya mbao haikuacha hata kipande. Pamoja nacho viliungua vitambaa vya wateja kumi na mmoja, ambavyo alivikumbuka kimoja kimoja, rangi na mita zake, kama mtu anayekariri madeni. Kwa fundi, kitambaa cha mteja ni amana, na mwanamke yule aliona haya hata kupita njiani akikutana nao. Wiki ya pili alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Igogo, aliyekuwa ameacha kitenge cha kushonewa kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatoa pole, kisha akasema, “Mwanangu, kile kitambaa tusikizungumze tena. Nimeleta kingine, na hii ni nusu ya ufundi.” Akaweka fedha juu ya kitambaa. Nimeona michango mikubwa kuliko ile, lakini sijaona uliomnyanyua mtu kwa namna ile, kwa sababu ulimrudishia kazi yake na ukamfutia deni kwa tendo moja. Ndani ya siku chache fundi mwenzake alimwachia cherehani kila jioni baada ya saa kumi na moja, na akaanza kushona.

Madeni ni sehemu ya moto ambayo majirani hatuioni. Kikoba chake kilikutana na kuamua kusimamisha marejesho yake kwa miezi mitatu bila riba kuongezeka, na uamuzi ule ulichukua nusu saa tu. Lakini alikuwa pia na mkopo mwingine, wa ile mikopo ya riba kubwa ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na afisa wake alifika wiki ya pili, akasimama mbele ya kuta nyeusi akiuliza rejesho la Ijumaa. Hapo ndipo ningependa kuwaona wajumbe wa mtaa. Mama anayekabiliana na mdai peke yake atakubali sharti lolote, hata kuuza godoro alilochangiwa, ilhali akiwa na mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili wenye umri, wanaozungumza kwa adabu na kuomba ahirisho la maandishi, mazungumzo huchukua sura nyingine. Kusimama naye siku ile kusingegharimu hata shilingi moja.

Halafu kuna karatasi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, hati ya mauziano ya kiwanja, vyote vilikuwa kwenye begi moja juu ya kabati, kama ilivyo katika nyumba nyingi. Kazi ya kuvirudisha huanzia polisi kwa taarifa ya kupotelewa mali, ikaenda ofisi baada ya ofisi, kila moja ikiwa na nauli yake na foleni yake. Jambo lililonifunza zaidi ni la simu. Simu yake iliungua pamoja na laini, kwa hiyo michango yote iliyotangazwa kwa maneno yetu ya kila siku, “tuma na ya kutolea,” iliingia kwenye namba ya jirani. Jirani yule ni mwaminifu na alitoa kila senti, ila kwa wiki mbili Fundi alilazimika kumwomba mtu mwingine fedha zilizokuwa zake. Kwa kuwa laini sasa zinasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, angeweza kuirudisha laini yake siku ya pili tu, kama angepatikana mtu mmoja wa kumsaidia kuipata namba ile na kumsindikiza mjini. Ushauri wangu kwa mtaa wowote ni huu: kabla hamjatangaza mchango, rudisheni laini ya aliyeunguliwa.

Panapokuwa na fedha pawe na maandishi. Mhazini wetu alinunua kauntabuku na kuandika kila jina na kila kiasi, pamoja na madebe ya unga, na jioni aliyasoma mbele ya watu wote. Pia tuseme mapema mchango ni wa nini. Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunakumbuka tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, ambapo wengi walichanga wakiamini fedha zitafika kwenye kaya zilizobomokewa, kisha Serikali ikaeleza kuwa zingerejesha miundombinu ya umma kama shule. Kila upande ulikuwa na hoja yake, lakini manung'uniko yale yangepungua kama lengo lingewekwa wazi siku ya kwanza.

Na tuache kuwapiga picha. Picha ya binti wa Fundi akilia kwenye majivu, akiwa na nguo ya ndani na kanga, ilizunguka kwenye makundi ya simu hadi kwa walimu wake. Aliyeipiga alikuwa na nia njema, sina shaka, lakini kuna picha ya nyumba, kuna picha ya paa, na hizo zinatosha kumshawishi mtu kuchanga.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataja kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini, na sioni sababu ya kamati ya mtaa kusubiri mafuriko ndipo ifanye kazi. Ninachopendekeza ni watu watatu, wakiwamo wanawake wawili, watakaoitembelea familia kila wiki kwa miezi mitatu na kuleta taarifa kwa mwenyekiti. Mmoja ashughulikie karatasi, mwingine fedha na madeni, na wa tatu ujenzi. Kikundi cha kufa na kuzikana kinaweza kuongeza kifungu kimoja kwenye katiba yake, kwamba nyumba ikiungua wanachama watachanga mara mbili, mara moja wiki ya kwanza na mara ya pili siku ya 40, wakati kila mtu mwingine ameshasahau.

Kwa Fundi siku hiyo ya 40 ilipita kimya. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na maji yalikuwa yakishuka juu ya kuta zisizo na paa na kuyeyusha udongo wa matofali. Baadhi yetu tulianza upya kuchangishana, na sasa kenchi zimesimama na upande mmoja umeezekwa. Binti wa mama wa Igogo aliolewa na kitenge chake kikaonekana ukumbini. Kwenye kauntabuku, mstari wa mwisho unasema yamebaki mabati sita na kilo mbili za misumari. Mkutano wa mtaa ni Jumapili, na nimemwomba mwenyekiti ajenda hii itangulie mengineyo.